Meseji Iliyoita Kliniki Nzima

Kasulu. Jumapili alasiri, Novemba 2014.

Mvua imenyesha tangu asubuhi, sasa yamebaki manyunyu tu. Vilima vyote vimezama kwenye ukungu. Nimevaa sweta mbili na soksi, nimekaa kitandani hapa hosteli na kompyuta mapajani, na nina furaha ya kijinga, ile ya mtu anayecheka peke yake mpaka mwenzake wa chumba anamuuliza kama ana homa.

Wiki iliyopita sikuandika kitu hapa. Sikuweza. Ijumaa ile nilikuwa nimeshaamua moyoni kuacha chuo, na mtu aliye katika hali hiyo haandiki blogu, anajifunika shuka.

Leo naweza kusimulia.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Tatu, niko mwaka wa pili wa stashahada ya kompyuta, upande wa kuandika programu. Kwetu ni Kibondo. Baba yangu ana duka la vitenge sokoni, mizigo yake anaifuata Manyovu mpakani. Babu alitokea Ujiji, kwa hiyo nyumbani kwetu biashara ndiyo kazi, na kazi nyingine zote Baba huzitazama kwa jicho la mteja anayegusa kitambaa kuona kama kitachuja rangi.

Kompyuta aliigusa, akaona itachuja.

Simlaumu. Kompyuta anayoijua Baba ni ile ya kibanda cha pale stendi, inayochapa kadi za harusi na barua za kuomba kazi, na umeme ukikatika mwenye kibanda anatoka nje kuota jua. Kila nikienda likizo aliniuliza swali lilelile: "Ukimaliza, utakuwa nani?" Mwalimu huitwa mwalimu. Nesi huitwa nesi. Mimi nitaitwa nani? Nilimjibu "mwandishi wa programu", akauliza programu za redio au za kanisani.

Hata mimi sikuwa na jibu la kuniridhisha mwenyewe. Mwalimu Lyimo, anayetufundisha kuandika programu, alituuliza darasani mwezi uliopita kila mmoja anataka kwenda wapi. Wengi walisema kampuni za simu, Dar. Wengine benki. Kuna wanaotaka mashirika ya kambini kwa wakimbizi, kwa sababu kule kuna magari mazuri. Mmoja alisema atafungua sehemu ya kutengeneza kompyuta na simu hapahapa Kasulu, na nadhani huyo ndiye atakayetuajiri sote. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Bado natafuta." Wakacheka. Mwalimu Lyimo hakucheka. Alisema tu, "Basi tafuta kwa kutengeneza kitu."

Ndipo tukaanza, mimi na Joram.

Joram ni mwenzangu wa mradi. Ni Muha wa hapa Kasulu, mrefu, mpole, anaongea na kompyuta kwa Kiha ikimkasirisha. Mradi wetu ulitokana na malalamiko ya Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, ambaye ni muuguzi kwenye zahanati moja ya kijijini, njia ya kwenda Kibondo. Kila nikimtembelea alikuwa anasema wajawazito wanasahau tarehe za kliniki. Kadi inawekwa sandukuni, shamba linaita, mwezi unapita. Nikamwambia, Shangazi, simu wanazo. Tuwakumbushe kwa meseji.

Akaongea na mganga mfawidhi, bosi wake pale zahanati. Mganga akakubali kwa shingo upande. Wamama wakaulizwa, waliotaka wakatoa namba. Asiye na simu alitoa ya mumewe, au ya jirani. Tukaandika programu: kila siku inatazama tarehe za kliniki, na ambaye zamu yake ni kesho, inamtumia ujumbe kwa modemu yenye laini ya simu. Kitu kidogo. Niliona fahari mpaka nikamwambia Baba kwa simu.

Baba akasema vizuri. Halafu akasema amenipatia nafasi kwenye chuo cha ualimu, nianze muhula ujao, na kwamba atakuja Kasulu Jumamosi tulimalize jambo hilo.

Aliongea kwa upole. Baba akiongea kwa upole ndiyo amekwisha kata shauri.

Kwa hiyo Alhamisi, mchana ule umeme ulipokuwa umetulia, tuliiwasha programu kwa mara ya kwanza kwa wamama halisi. Nilitaka Jumamosi Baba akija niwe na kitu cha kumwonyesha kinachofanya kazi. Taa ya modemu ikawa inapepesa, inapepesa, haiachi. Joram akasema, "Mbona inatuma sana?" Nikamwambia mtandao wa huku ndivyo ulivyo, unarudiarudia.

Haukuwa mtandao.

Ijumaa asubuhi tukiwa darasani simu yangu ikatetemeka. Shangazi. Nikatoka kibarazani kupokea, na kabla hajasema lolote nikasikia kelele za watu wengi, watoto wanalia, mtu anacheka kwa sauti ya juu.

"Tatu! Umefanya nini wewe mtoto?"

"Kwani kuna nini, Shangazi?"

"Wamekuja wote!"

"Wote nani?"

"Wote! Wa leo, wa wiki ijayo, wa mwezi ujao! Hata aliyejifungua juzi yupo hapa na kichanga chake, anasema ameitwa. Mabenchi yamejaa, wengine wamekaa kwenye nyasi. Njoo uone kazi yako!"

Nikarudi darasani nikamwita Joram kwa mkono. Tuliifungua programu palepale, na kosa nikaliona kama mtu anavyoona doa kwenye nguo ambayo ameshaivaa harusini. Katika lugha tunayoandikia, alama moja ya "sawa na" haiulizi, inaamuru. Ukitaka kuuliza "je, tarehe ya mama huyu ni sawa na ya kesho?" lazima uweke alama mbili. Mimi niliweka moja. Programu, badala ya kuuliza zamu ya nani ni kesho, ikapitisha kwamba zamu ya kila mtu ni kesho.

Na tulikuwa tumeijaribu! Tuliijaribu kwa simu yangu na simu ya Joram, zote tukazipa tarehe ya kesho yake. Meseji zikaingia, tukapongezana. Hakuna kati yetu aliyefikiria kuijaribu kwa mtu ambaye hakupaswa kupata ujumbe.

Tukachukua bodaboda, mimi, Joram na dereva kwenye pikipiki moja, tope mpaka magotini, na moyoni nimeshaamua kwamba Baba akija kesho nitakubali ualimu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kuomba msamaha na kila nilipoyapanga yalikuwa yanaangukia kwenye mashimo.

Tulipofika, mganga mfawidhi alikuwa amesimama mlangoni na koti lake jeupe. Alinitazama kuanzia tope la miguuni mpaka usoni.

"Wewe ndiye kompyuta?"

"Ndiyo, Daktari. Samahani sana, ni kosa langu, niliweka alama..."

"Sitaki alama. Nina wauguzi wawili na mzani mmoja. Baadhi ya hawa wameacha mbegu za maharage shambani kwenye mvua nzuri hii. Utawaambia nini?"

Kiha changu ni cha sokoni, cha kuuliza bei. Joram akasogea mbele, akavua kofia, akawaeleza kwa Kiha chao kwamba mashine imekosea, na waliokosea hasa ni yeye na mimi, kwamba asiye na zamu leo anaweza kurudi nyumbani, na kwamba tunaomba radhi.

Nikasubiri watutukane.

Mama mmoja mnene aliyekuwa amekaa mbele akasema kitu, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Nikamuuliza Joram amesema nini. Joram alikuwa ameinamisha uso kwa aibu. "Anasema ametembea tangu alfajiri, hawezi kurudi bila kupimwa. Na anasema tangu azaliwe hajawahi kuitwa na mashine, hata kama imekosea amefurahi kukumbukwa."

Hakuna aliyeondoka.

Basi ikawa kazi. Shangazi alijifunga kitenge kiunoni akaanza kutoa amri kama kiranja. Joram akapewa kuwapanga na kuita majina. Mimi nikapewa kuandika uzito kadiri unavyosomwa. Katikati ya foleni tukamkuta mwanaume wa makamo, amevaa koti la suti na viatu vya mvua, amekaa wima kati ya wamama, kadi ameishika kwa mikono miwili.

Shangazi akamuuliza, "Na wewe baba, mkeo yuko wapi?"

"Yuko shamba."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

Akatoa simu yake, akaisoma kwa heshima zote: "'Kesho ni siku yako ya kliniki. Usikose.' Imekuja kwangu. Nikasema serikali ikikuita, nenda."

Shangazi alimpandisha kwenye mzani. Sikutarajia, lakini alimpandisha, akampima na presha, akamwambia uko sawa baba, sasa kamlete mama. Yule mzee akaondoka ametulia kabisa. Mganga mfawidhi alikuwa dirishani, amegeukia ukutani, mabega yanatikisika. Nikajua hasira imeanza kumtoka.

Halafu likaja lile ambalo nimeliwaza wiki nzima.

Jina lake silisemi hapa, nitamwita Yustina. Ni binti wa umri kama wangu, mimba ya kwanza. Zamu yake ya kweli ilikuwa bado, karibu mwezi mzima mbele. Alikuwa amekaa pembeni kwenye nyasi, kimya, viatu amevivua. Shangazi alipokuwa anapita akatazama miguu yake akasimama. Ilikuwa imevimba kama mikate. Akamuuliza kichwa kinauma? Yustina akasema kinauma siku kadhaa, ila ni uchovu tu, wamekuwa wanapanda maharage.

Shangazi akampima presha. Akapima tena. Kisha akaacha kabisa ile sauti yake ya ukiranja. Akamwita mganga kwa sauti ndogo.

Sijui lugha ya hospitali. Najua tu kwamba presha yake ilikuwa juu mno, kwamba foleni yote ilinyamaza bila kuambiwa, kwamba mganga mwenyewe alipiga simu hospitali ya Kasulu, na kwamba gari la wagonjwa lilipochelewa kwa sababu ya tope, wamama walimzunguka Yustina wakimpepea kwa kanga zao ingawa hakukuwa na joto. Mimi nilimshikia viatu vyake. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Alinitazama akaniuliza kwa Kiswahili, "Ni wewe uliyenipigia meseji?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nilitaka nisije." Gari likaja, wakaondoka naye.

Nilikaa nyuma ya zahanati nikalia. Siyo kwa huzuni, siyo kwa furaha, sijui kwa nini.

Joram alinikuta huko. Akasema, "Tatu, kosa lako limemwokoa." Nikamwambia asiseme hivyo tena. Nimelifikiria sana na bado nasema hivyohivyo. Kosa halikumwokoa mtu. Aliyemwokoa ni Shangazi, aliyetazama miguu. Mimi niliweka alama moja badala ya mbili, na bahati ikawa upande wetu. Siku nyingine kosa kama hilo lingeweza kumwambia mtu asije.

Hilo linanitisha. Lakini hofu hii siyo ile ya kunifanya nikimbie. Ni hofu ya mtu aliyegundua kwamba alichoshika ni kitu halisi.

Jumamosi Baba akaja, kama alivyosema. Tukakutana mgahawani karibu na soko, akaagiza ugali na samaki wa migebuka kwa sote wawili. Alinawa mikono taratibu. Nikajua Shangazi amekwisha mpigia, ila sikujua amemwambia kiasi gani.

"Nasikia umeita wanawake wa vijiji vyote," akasema.

"Kwa bahati mbaya, Baba."

"Na walikuja?"

"Walikuja."

"Kwenye mvua?"

"Kwenye mvua."

Akamega ugali, akatafuna, akafikiri. "Mimi nina kipaza sauti pale dukani. Natangaza vitenge vipya tangu asubuhi mpaka koo linakauka. Watu wanapita wananitazama kama mwendawazimu. Wewe umeandika mstari mmoja na wametembea tangu alfajiri." Akanitazama. "Hiyo inaweza kuita wateja?"

Nilicheka mpaka maji yakanipalia. Nikamwambia inaweza, lakini wateja wake lazima wakubali wenyewe kutoa namba. Akasema watakubali, yeye atawaomba vizuri.

Kisha akaacha kula.

"Na yule binti?"

Nikamwambia tulichokuwa tumesikia asubuhi ile kutoka hospitali: kwamba walimfanyia upasuaji usiku uleule, mtoto ni mdogo sana lakini anapumua mwenyewe, na mama amefungua macho akaomba uji. Baba aliinamisha kichwa, akasema Alhamdulillahi kwa sauti ya chini. Mama yangu alinizaa mimi salama, lakini aliyenitangulia hakuzaliwa salama, na nyumbani kwetu habari hiyo haisemwi mezani. Hata safari hii hakuisema.

Alisema tu, "Wale wa chuo cha ualimu nitawaambia nafasi wampe mwingine."

Nikaweka tonge chini.

"Lakini kadi ya harusi ya mdogo wako utaichapa wewe," akaongeza. "Silipi mtu wakati nina mtaalamu nyumbani."

Sasa, wiki moja baadaye, mambo yako hivi. Programu imerekebishwa. Mwalimu Lyimo alitufanya tuliandike kosa letu ubaoni mbele ya darasa zima na kulieleza, akasema tumejifunza kwa siku moja kile ambacho wengine hukijifunza wakiwa wameshaajiriwa na benki. Mganga mfawidhi ameruhusu tuendelee, kwa sharti moja: hakuna ujumbe unaotoka kabla Shangazi hajaona majina. Sharti hilo nalipenda. Nimeliandika ndani ya programu yenyewe, asipobonyeza yeye kwenye simu yake, haitumi.

Na tumeongeza kitu ambacho hakikuwepo kwenye mradi wa mwanzo. Nilikuwa namfikiria Yustina na kichwa chake kilichouma siku kadhaa. Simu alikuwa nayo. Meseji zetu zilikuwa za kwenda tu, hazikuwa na njia ya kurudi. Sasa mama anaweza kujibu, na jibu lake linapita kwenye kompyuta hii na kumfikia Shangazi. Ujumbe nao siku hizi unatoka na Kiha chini yake, Joram ameuandika, na mama yake Joram ameusahihisha mara mbili huku akimcheka.

Mwalimu Lyimo ananiambia kuna kampuni Dar inayopokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, na ataniandikia barua nikitaka. Wa zahanati nyingine ya jirani nao wamemuuliza mganga kama wale watoto wa kompyuta wanaweza kufika kwao. Sijachagua. Dar sijaifuta moyoni, nataka siku moja nikae kwenye chumba chenye watu wanaojua mara kumi kuliko mimi. Ila swali la Baba, la nitakuwa nani, halinisumbui tena. Naweza kuandika programu za benki. Naweza kuandika za hospitali, za shule, za duka la vitenge. Mahali popote ambapo mtu anasahau, anasubiri au anatafutwa, kuna kazi yangu pale.

Sijui inaitwaje kwa neno moja. Itabidi nimtafutie Baba neno.

Nilichotaka hasa kuandika leo ni hiki, yote hayo yalikuwa njia ya kufikia hapa.

Mchana huu, mvua ikiwa inapiga bati, Shangazi alibonyeza ruhusa yake na ujumbe ukaenda kwa wamama wa Jumatatu. Ni wachache tu, na mara hii ni wenyewe. Nikakaa kusubiri, maana njia ya kurudi ilikuwa inatumika kwa mara ya kwanza. Kwa muda mrefu hakikuja kitu. Nikaanza kufikiri nimekosea tena.

Kisha likaja jibu la kwanza. Limeandikwa bila nukta wala herufi kubwa:

"nimepata mwanangu nitakuja na wewe umekula"

Nimelisoma mara nyingi nisizozihesabu. Programu yetu inajua majibu ya aina tatu: nitakuja, siwezi kuja, naumwa. Swali la "umekula" halipo humo. Haijui ifanye nini nalo, imeliweka pembeni na alama nyekundu, inasubiri mtu.

Nikachukua simu yangu nikamjibu mwenyewe kwa vidole vyangu.

"Bado, mama. Nakwenda kula sasa hivi."

Nafunga kompyuta. Naenda kula.